Picha za Mchele Zilizonenepa Njiani

Fausta anaandika programu za kompyuta kwenye chumba kimoja pale mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, nyuma ya mashine yangu ya kukoboa mpunga. Mimi si mtu wa kusifu. Nimefika hapa kwa kutafuta kasoro kwenye magunia ya watu. Kwa huyu binti nimetafuta mpaka nimechoka.

Alitutengenezea wafanyabiashara tovuti ya kupokea bei kwa maandishi, ikafanya kazi vizuri. Msimu huu tukataka ipokee na picha za mchele tunaochomoa guniani kwa bambo, kile chuma chenye ncha, ili mnunuzi wa mbali asisubiri sampuli kwenye basi. Hakuna picha iliyofunguka.

Asubuhi moja Makame, mnunuzi wangu wa Dar, akapiga simu. "Mzee, saa sita ikifika sijauona mchele, lori langu linapakia kwa mwingine."

Nikaenda kwa Fausta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Simu yangu mbovu?"

"Usiisingizie simu. Picha imetoka kwako na baiti laki mbili. Huku imefika na laki tatu na nusu."

Baiti, alishanieleza, ni vijinamba vinavyoijenga picha.

"Si imeongezeka? Faida hiyo!"

Akacheka. "Gunia likiongezeka uzito njiani, wewe unasemaje?"

"Limetiwa maji."

"Basi aliyetia maji ni mimi."

Hivyo hivyo, bila kujikanyaga. Wapima mizani niliowafahamu Ifakara hii, hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Programu yake, kwa kuzoea maandishi, ilikuwa ikigeuza kila kinachoingia kuwa herufi. Kijinamba kisichogeuka ilikitupa, ikaweka alama ya badala, tena alama nene kuliko kilichotupwa. Akabadilisha mistari michache tu: ujumbe ukija na picha, baiti zipokewe mbichi, zihifadhiwe mbichi, zisiguswe.

Nikatuma upya. Akalinganisha kwanza ukubwa, kutoka na kufika. Namba ileile. Ndipo akaniruhusu nimpigie Makame. Ilibaki robo saa.

"Mzee, mbona chenga nyingi hivi?"

"Chenga gani? Punje zote nzima, huo ni mwanga tu."

"Mwanga! Naziona moja moja hapa."

Fausta alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikakubali kuuchekecha mzigo wote upya, na lori likaja kwangu.