Mbwa Wangu Kwenye Mikeka ya Bi Tatu

Siku ambayo haijanitoka kichwani hata sasa, mwanangu, ni Jumanne moja ya kiangazi, mwaka ambao vijana wetu waliopelekwa vitani ng'ambo walikuwa wamerudi na makoti yao mazito. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nililima mihogo na mpunga kidogo nyuma ya Mlingotini, na nilikuwa na mbwa.

Kwanza nikueleze habari ya mbwa kwetu. Sisi watu wa pwani hatukuwa na mazoea ya kumfuga nyumbani. Akikugusa naye amelowa, ulichoguswa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Akiwa mkavu, na alichokigusa kikavu, hapana kitu. Hayo kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani aliyajua. Lakini nguruwe mwitu nao walikuwa hawatuonei huruma. Kwa hiyo wenye mashamba tulifuga mbwa hukohuko shambani, na desturi ilikuwa moja tu: mbwa haji mjini. Akija kwa dharura, huja na kamba, na mwenye kuishika kamba hupita pembeni.

Wangu aliitwa Mtasema. Tulipenda kuwapa mbwa majina ya namna hiyo, ili jirani asikie. Mwaka wa kwanza nguruwe waliponimalizia mihogo, jirani yangu alinicheka mpaka akakaa chini. Nikatafuta mbwa, nikampa jina hilo, na kila jioni nikawa namwita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa mwekundu, masikio yamesimama. Nikipiga mluzi mmoja hukaa. Miwili, huja. Binamu yangu Shomari, aliyekuwa akishona nguo Bagamoyo mjini, hakuamini.

"Mbwa wa shamba huyo," aliniambia. "Akiona watu kumi tu, atakimbia asisimame mpaka Ubena."

Basi Jumanne hiyo nikamchukua nikampeleka mjini, kumwonyesha Shomari.

Tulifuata ufuko. Maji yalikuwa yamekupwa, na tulipofika kwenye kijito mimi nilipita juu ya mawe, yeye akajitosa. Alifukuza kaa, akatoka amelowa mpaka mgongoni, kisha akajigaragaza mchangani hata nisimtambue rangi. Nilicheka. Kamba niliitundika begani.

Tulitokea kwenye uwanja wa mjini, karibu na bahari. Haukuwa wa mtu, na ulikuwa wa kila mtu. Upande wa kusini wavuvi walitandaza nyavu. Katikati wanawake walianika mpunga na mikeka. Watu wazima walikuja asubuhi kunyoosha miguu, na sikukuu ikifika, msikiti ukijaa, watu walisali pale. Asubuhi hiyo palikuwa na mikeka mitano, imepangwa sawasawa, kila pembe imewekewa jiwe. Ilikuwa ya Bi Tatu, mjane aliyekuwa akisuka ukindu. Binti yake Zainabu alikuwa aolewe Ijumaa ya wiki iliyofuata na kijana wa Saadani. Mkeka wa mwisho, mdogo kuliko yote, mwekundu kwa manjano, ulikuwa msala wa kusalia, zawadi ya kumpelekea mama mkwe wake. Bi Tatu mwenyewe alikuwa ameingia nyumba ya jirani kunywa maji.

Nilimwita Shomari, akatoka kwenye cherehani yake na futi ya kupimia shingoni. Nikapiga mluzi mmoja. Mtasema akakaa. Watu wakageuka, nami nikavimba. Hapo ndipo kunguru akatua karibu na mikeka.

Nilipiga miluzi miwili. Nikapiga mitatu, na kuita juu yake. Mtasema alikuwa anamkimbilia, hakusikia. Alipita juu ya mkeka wa pili, akapita wa tatu, na kunguru aliporuka, yeye akasimama katikati ya ule msala, akajikung'uta mwili mzima. Kisha akanirudia, mkia unacheza.

"Hang'ati!" nikawaambia watu. "Msiogope, huyu hang'ati."

Hakuna aliyekuwa ameuliza kama anang'ata.

Bi Tatu alitoka kwa kusikia kelele. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kusema taratibu. "Mbwa wa nani?"

"Wangu. Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Amepita juu ya vitu vyangu?"

"Amepita."

Akaitazama mikeka. Jua lilikuwa kali, na ukindu hukauka upesi. Alama ya maji haikuwapo tena, ila mchanga. Akamtazama mbwa, naye mchanga mtupu. "Alikuwa mkavu au amelowa?"

Watu walikuwa wamekusanyika kama kumi na wawili. Shomari alikuwa ananitazama. Hakuna aliyemwona mbwa kule kijitoni ila mimi.

"Mkavu," nikasema.

"Wewe si mjukuu wa mzee Kombo wa Mlingotini?"

"Ndiye mimi."

"Basi mkavu." Akaupangusa mchanga kwa kiganja, akaikunja mikeka yake mmoja mmoja, akaenda zake.

Laiti angenitukana, mwanangu. Nilimfunga mbwa nyuma ya nyumba ya Shomari, nikawekewa wali na samaki, nikawa nausogeza huku na huku. Nilijua mambo mawili. La kwanza, mikeka ile ikioshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo, rangi itatoka, na siku zilizobaki ni chache. La pili, nisiposema, kuna mama wa watu Saadani atakuwa akiweka paji la uso kwenye kitu kilichonajisika, na hatajua mpaka anakufa.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikwenda msikitini. Nilitawadha, nikasimama kwenye safu. Nikajaribu kunuia, nia haikukaa. Nikatoka kwenye safu, watu wakinishangaa, nikachukua viatu mkononi.

Mlango wa Bi Tatu ulikuwa wazi. Nilipopiga hodi nilimwona ukumbini, amejifunika kwa sala, na mbele yake ametandika ule msala. Nadhani alitaka kuusalia yeye kwanza kabla haujaondoka. Alikuwa ameinua mguu kuukanyaga.

"Bi Tatu, usisali hapo!"

Akateremsha mguu nyuma. Nikamwambia kila kitu nikiwa palepale kizingitini: kijito, kaa, mchanga, yote. Akamwita Zainabu amletee mkeka wa zamani, akasali rakaa zake nne bila haraka, na mimi nilisimama juani nikingoja.

Alipomaliza, alikuja mlangoni.

"Mbwa sina ugomvi naye," alisema. "Hajui msala ni nini. Wewe unajua, na kamba ulikuwa nayo begani, nimeiona. Huo ni uzembe, na uzembe kijana husamehewa. Lakini nilipokuuliza, macho yangu hayakuwapo pale. Nilikuwa naazima yako. Ukaniazima macho ya uongo, tena mbele ya watu, nami nikakutetea kwa jina la babu yako."

Nikajibu tu, "Nimekosa, mama."

Kutoka nyuma ya pazia Zainabu akasema, "Mama, mwulize kama anajua kuosha."

Nilijifunza siku hiyohiyo. Mikeka mitatu, mara saba, kisimani, mbele ya wanawake waliokuja kuteka maji na wasitake kuondoka. Walinihesabia kwa sauti. "Hiyo ya nne, usituibie!" "Pembe ile haijapata udongo, kaka wa mbwa!" Ile mikubwa miwili ilistahimili. Msala haukustahimili, wekundu uliingia kwenye manjano, ukawa rangi ya nyama ya pera.

Kesho yake alfajiri nilikwenda bondeni kukata ukindu. Nilikata, nikaanika, nikachana mpaka vidole vikachanika navyo. Bi Tatu alichemsha rangi, akasuka, na majirani zake watatu wakashona. Msala mpya ulikamilika Alhamisi, saa chache kabla ya wageni wa Saadani kufika. Harusi ilikuwa njema. Nilikula pilau sahani mbili na hakuna aliyenizuia. Ule wa rangi ya pera Bi Tatu aliuchukua mwenyewe. "Huu wangu," alisema. "Umeoshwa kuliko mikeka yote ya Bagamoyo."

Mtasema alilinda mihogo yangu miaka mingi baadaye. Mjini hakufika tena.

Lakini lililonikaa moyoni lilitokea kama miaka miwili baadaye. Palitokea mzozo palepale uwanjani: mbwa wa mtu mwingine alikuwa amemwangusha mzee, na mwenye mbwa anasema mzee alijikwaa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimepita na kuona. Watu walikuwa wanabishana ni nani aulizwe. Bi Tatu akaninyooshea kidole.

"Muulizeni huyo wa Mlingotini. Yeye alikwisha kunidanganya mara moja, anajua uzito wake."

Watu walicheka, kisha wakaniuliza. Nikasema nilichokiona, na hapo maneno yakaisha. Nilirudi shambani nikitembea mwepesi, mwanangu, kama mtu aliyetua mzigo ambao alikwisha kuuzoea.

Siku hizi nawaona vijana bustanini na ufukoni, mbwa mbele, mwenyewe nyuma na kamba mfukoni. Mtoto akilia, husikia neno lilelile: hang'ati huyu. Sikukatazi kufuga. Mbwa ni mlinzi mwema na rafiki, nami nilimpenda wangu. Ila uwanja wa watu wote una mtu anayeogopa, una mgonjwa, una mwenye kwenda kusali na nguo yake safi, na una mwanamke aliyetandaza kazi ya miezi mitatu. Wao hawakumchagua mbwa wako. Wewe ulimchagua. Basi mshike mpaka mfike mahali penu. Usimjaribu utii wake mbele ya vitu vya wenzako. Na akiharibu, maana kuna siku ataharibu, nenda mwenyewe kabla hujafuatwa, useme lilivyokuwa, kisha ukunje mikono ya kanzu uoshe. Usingoje kuulizwa. Ukiulizwa utakuta uongo umekaa karibu zaidi ya ukweli, kama ulivyonikalia mimi siku ile.

Mungu akujaalie majirani watakaokuamini, akupe ulimi usiowaangusha, na siku utakapokosa, kwa kuwa utakosa, akufikishe mlangoni kwa mwenye haki yake mapema, kabla hajakanyaga. Amina, mwanangu.