Migomba Kumi na Minne ya Mzee Thadeus

Eliona alikuwa fundi wa video za kompyuta. Nyumbani kwake Soweto, mjini Moshi, alikuwa amepanga sebuleni kompyuta nane zilizotumika. Kijiji alichozaliwa, kule mlimani, kilimpa kazi: aonyeshe mfongo mpya, yaani mfereji wa kumwagilia, utapita wapi, ili Jumamosi wenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, wakubali au wakatae kabla jembe halijainuliwa.

Aliahidi kwamba mashine nane, zikichora pamoja kila picha ya video, zingemaliza mapema. Akakata kila picha mikanda minane iliyo sawa, kila mashine mkanda wake, kama baba anayegawa kihamba asilaumiwe. Lakini zilizopewa mbingu zilimaliza upesi zikakaa bure, huku zilizopewa migomba zikihangaika na kila jani. Picha ikazisubiri hizo za mwisho. Aliazima mashine mbili zaidi, mambo yakawa yale yale.

Fredy, mwenzake kazini, alishauri waing'oe migomba kwenye picha.

“Dada, nani ataihesabu?”

“Wenyewe,” alijibu Eliona. Kumwonyesha mtu shamba lake likiwa tupu, na yeye analilima, ni uongo.

Alhamisi, mama yake, Anaeli, alipita akitoka hospitali ya Mawenzi. Akauliza kwa nini mashine nyingine zinavuma na nyingine kimya. Alipoelezwa, alicheka.

“Umegawa kama mzee Thadeus alivyotugawia kazi ya msaragambo, tukichimba mfongo pamoja. Hatua kumi kila nyumba! Waliopata udongo walimaliza saa tatu, wakakaa kututania sisi wa kwenye mwamba. Siku hizi ni hatua mbili mbili. Ukimaliza, unachukua nyingine.”

Eliona alikata picha upya, vipande vidogo vidogo vingi, akaiweka mashine moja iwe msimamizi: itakayomaliza ije ichukue kinachofuata. Hakuna iliyokaa tena. Ijumaa mchana video ilikamilika, migomba yote ikiwemo.

Jumamosi, katika ukumbi wa usharika, mzee Thadeus alisogea karibu na ukuta video ilipoonyeshwa, akahesabu kwa kidole mashina ya migomba yake ambayo mfongo ungeyakata. Kumi na manne. Akasema hapana. Mkutano ukakubaliana naye kwamba mfongo uzunguke kwa juu.

Jumatatu Eliona alianza kuchora njia mpya. Fredy alinung'unika kwamba wangeondoa migomba, kazi ingekuwa imeshapita.

“Ingepita,” alisema Eliona, “na jembe lingefuata.”