Msalaba wa Jezi Nyekundu

Ijumaa iliyopita nilikuwa sokoni Rumonge kwa fundi cherehani, nikisubiri anipunguzie suruali. Akaingia muuza ndagala mmoja, wale dagaa wa ziwani, kofia kichwani, jezi nyekundu ya timu ya Ulaya mkononi. Akaweka kidole kwenye nembo, penye kamsalaba kadogo kama punje ya mchele.

"Fundi, hii musalaba uifunike. Siwezi kuingia nayo musikitini."

"Na miaka yote ulikuwa unaingia nayo namna gani?"

"Sikuwa nimeiona. Shemeji ndiye amenionyesha."

Fundi aliokota kipande cha kitambaa chini ya meza, akakikata mviringo, akakishonea juu ya nembo, kazi safi kabisa. Muuza ndagala akaivaa, akajitazama kwenye kioo, uso ukamkunjika.

"Umeniwekea buluu?"

"Ndiyo iliyobaki, papa."

"Buluu ni ya wale wapinzani. Watu watasema nimehama."

Akaivua, akachukua wembe wa fundi, akafumua uzi mmoja mmoja, polepole kama anayemtoa mtoto mwiba, mpaka msalaba ukatokea tena. Kisha akaibusu ile nembo, kama wachezaji wanavyofanya wakifunga bao.

Wanaosema huku kwetu mtu huchagua timu kwa dini yake hawajakosea sana. Wamekosea tu kudhani wanaijua hiyo dini.

Adhana ilipoisha nikamkuta msikitini, kanzu juu ya jezi. Akasogea kunipisha kando yake. Mimi ni wa buluu. Nikaenda safu ya nyuma.