Muuguzi wa Wodi ya Wanaume

Muuguzi wa wodi ya wanaume pale Bariadi alikuwa mchoyo wa maneno mazuri. Asubuhi aliingia akiburuza ndala, akampapasa mgonjwa shingoni kwa mgongo wa kiganja, kisha akatangaza hali yake kwa sauti ya mnada wa ng'ombe. Aliyefumbua macho alikuwa "afadhali". Aliyemeza uji alikuwa na "nafuu". Aliyekaa mwenyewe kitandani alikuwa "hajambo kidogo", na hiyo "kidogo" aliivuta mpaka ikakera. Kupona hakukutaja kabisa, hata ndugu wakimbembeleza.

Mume wangu homa ya mapafu ilimlaza mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kijijini kwetu Sapiwi na malori yao. Kila asubuhi alikuwa "afadhali", basi. Pamba yetu niliwauzia hao wa malori, yeye sikumwambia. Siku moja muuguzi alikuwa akimbadilishia shuka, mara mgonjwa wangu akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mama Masunga, pamba umepeleka ushirika?"

"Nimewapa wale wa malori, Baba Masunga."

"Wale matapeli? Bila kuniuliza?" Akajiinua kwa kiwiko, mishipa imemtoka shingoni, akanigombeza wodi nzima ikisikia. Nilitamani kuingia chini ya kitanda. Muuguzi hakumnyamazisha. Alisimama na shuka lake mkononi, ametulia kama anayesikiliza kwaya, mpaka mzee akaishiwa maneno. Ndipo akanigeukia, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama, fungasha vyombo. Huyu amepona."