Sabuni ya Siku Tatu

Ninyi vijana mutakaosoma haya, mimi nilifika darasa la tatu tu. Lakini munisikie, kwa maana lile neno "faida" munalitamka siku hizi kama watu wenye njaa wanaotaja nyama.

Nilipovuka ziwa kutoka Congo nilikuja na ufundi wa sabuni, basi. Hapa Nchelenge nikaanza tena. Mafuta ya ngazi, yale ya mawese, yanatoka kwetu ng'ambo ya ziwa kwa mutumbwi. Kostiki, ule unga mweupe unaochoma, tunaununua dukani. Unakoroga mpaka inakuwa nzito kama uji, unamimina katika sanduku, unakata. Kisha sabuni inalala majuma manne. Kabla ya hapo si sabuni, ni kidonda kinachongoja mutu.

Binti yangu akaolewa na kijana aliyesoma biashara kule mujini Mansa. Kwetu mama mukwe na mukwe hawaongei uso kwa uso. Akitaka neno anamutuma muke wake, hata kama yeye mwenyewe ameketi nyuma ya ukuta wa nyasi anasikia yote. Siku moja binti akaja.

"Mama, bwana anauliza, sabuni inalala hivi kwa nini? Anasema kapitali yetu, pesa ya biashara, inalala pamoja nayo."

"Umuambie kwetu sabuni inalala."

"Anauliza kama ni kazi ya ile dawa ya kostiki ao ni desturi tu."

"Umuambie hata yeye analala kila siku, na hakuna mutu anayemuuliza faida yake!"

Tukacheka sana, sisi wanawake.

Kisha nikaenda kwenye kilio, mbali, nikakaa huko zaidi ya juma. Mukwe akapika sabuni yeye mwenyewe. Akapunguza mafuta, kwa sababu mafuta ndiyo ya bei kali. Kostiki akaiacha vilevile. Siku ya tatu akapakia vipande kwenye kinga yake, baiskeli ya kazi, akakanyaga pedali mpaka kijiji cha Kabuta, akauza karibu vyote. Niliporudi, binti alinionyesha karatasi ya hesabu kama mutu anayeonyesha mutoto muchanga.

Kesho yake mujane mumoja wa Kabuta akaingia uani. Kazi yake ni kufua nguo za watu. Alishika mikono yake juu, mbali na mwili, ngozi imebanduka mpaka kwenye kiganja.

"Mama, hii ni sabuni yako ao ni ya adui yangu?"

Nikachukua kipande kilichobaki, nikagusisha ulimi. Kikaniuma, nikatema: kostiki ilikuwa ingali hai ndani yake.

"Na wenye nguo?"

"Wamezipeleka kwa mufuaji mwingine. Mama, watoto wangu wanakula katika mikono hii."

Binti akaanza: "Bwana anasema hesabu ilikuwa sawa, ila..."

"Nyamaza. Leo sikutumi."

Nikazunguka ukuta, mujane nyuma yangu. Mukwe akasimama, akageuza uso, kofia mukononi.

"Mukwe, kwenye karatasi umeandika mafuta, kostiki na safari. Mikono ya huyu mama iko musitari gani?"

Akajibu polepole: "Mama, niliuliza. Nikaambiwa inalala tu. Nikazani ni desturi."

Neno lile lilinichoma, kwa maana lilikuwa kweli. Nilimufanyia mizaha mutu aliyeuliza. Lakini kweli yake haikuponya hata kidole kimoja.

"Na wewe, tangu siku ile umeoga na sabuni gani?"

"Ya dukani, mama."

Ya dukani! Hapo ndipo hasira ilipanda mpaka kichwani. Watu wanaweka kapitali katika sabuni, katika rangi, katika dawa za mashamba, wanauliza pesa itarudi lini. Hakuna anayeuliza itarudi imepita katika mwili wa nani.

Nikamuita na binti, aliyeona yote na kunyamaza. Nikawaambia mbele ya yule mujane:

"Kesho asubuhi mutaenda Kabuta ninyi wawili. Kila aliyenunua, mumurudishie pesa yake na muchukue kile kipande. Kisha muende kwa wenye nguo, muwaombe wazirudishe kwa huyu mama. Na mpaka ngozi yake ipone, mutazifua ninyi, kwa mikono yenu, na malipo ni yake."