Vyungu Vilivyokataa Kunyanyuka

Miaka michache baada ya vita kuu ya pili, niliolewa Nyakakika nikitokea Muleba. Mume wangu alikuwa mkulima, baba yake alikwisha kufariki, na mama yake alikuza miche ya kahawa nyuma ya nyumba. Kazi hiyo ikawa yangu pia.

Miche mingi tuliiotesha katika magamba ya mgomba yaliyokunjwa na kufungwa kamba. Safu moja tu, ile ya karibu na ua, ilikuwa katika vyungu vikuukuu ambavyo mama mkwe alivitoboa chini ili maji yasituame. Udongo alichanganya mwenyewe: wa shambani, samadi iliyooza hadi ikaisha harufu, na mchanga wa mtoni. Alinikataza kumwagilia kabla sijabonyeza udongo kwa kidole.

"Mzizi ukishiba maji unalala," alisema. "Uache utafute."

Mwaka mmoja mvua zilichelewa sana, miche ikakaa kuliko kawaida. Ya kwenye magamba ilianza kuwa manjano. Ya kwenye vyungu ilizidi kunawiri, majani yakang'aa kama yaliyopakwa mafuta.

"Umeiongezea samadi hii?" mama mkwe aliniuliza.

"Hapana, mama."

Hakufurahi. Mchana, upepo ukitulia, tulisikia mlio mdogo kutoka kwenye safu ile, kama mtu anayealisha vidole. Nilidhani jua linapasua vyungu. Lakini vyungu vilikuwa kivulini.

Mvua ziliponyesha tukaenda kuhamisha miche. Chungu cha kwanza hakikunyanyuka. Nikavuta kwa mikono miwili, na naapa nilihisi kinanivuta. Mama mkwe alinisogeza, akajaribu mwenyewe, kisha akakiachia taratibu na kujifuta mikono kwenye kanga.

"Lete jembe," alisema.

Mizizi ilikuwa imetokea kwenye matundu na kuingia ardhini. Ajabu ni kwamba haikwenda chini tu. Yote, hata ya vyungu vya mbali, ilielekea upande mmoja na kujisokota kama kamba. Tuliifuata kwa mikono. Kwenye kina cha goti tukakuta kipande cha nguo ya gome la mti, kimeoza, na ndani yake mfupa wa mkono. Mizizi ilikuwa imeuzunguka mfupa toka kiwiko hadi kifundo cha mkono, na chini ya mizizi kulikuwa na bangili za waya wa shaba.

Mama mkwe aliketi pale pale kwenye udongo.

"Bangili hizi nazijua," alisema. "Ni za mke mwenzangu."

"Yule aliyerudi kwao Rugu?"

"Hivyo ndivyo mume wangu alivyoniambia."

Mume wangu alitembea hadi Rugu, akarudi na kaka wa mwanamke huyo, mzee mwenye fimbo. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akazitazama bangili muda mrefu.

"Sisi tulijua yuko hapa," alisema. "Mumeo alituletea habari kwamba hataki tena kutuona."

"Na mimi niliambiwa yuko kwenu," mama mkwe alijibu.

Aliyewaambia wote wawili alikuwa kaburini, naye hatukuweza kumuuliza.

Tulichimbua mifupa yake yote, lakini mizizi haikukubali kubanduka kwenye ule wa mkono, ikabidi niikate kwa kisu. Nilitarajia miche inyauke, haikunyauka. Mama mkwe alitaka kuichoma moto. Mzee akakataa.

"Hii ndiyo iliyomtafuta," alisema. "Ninyi hamkumtafuta, wala sisi."

Akaondoka na dada yake amefungwa kwenye mkeka mpya, na mume wangu akambebea miche.

Tangu hapo mama mkwe hakuweka tena miche chini. Tulijenga uchanja wa miti, vyungu na magamba vikakaa juu. Mzizi uliochungulia nje ulikutana na hewa, ukakauka ncha, na mingine ikachipuka ndani, mingi na myembamba. Miche yetu ikawa mizuri kuliko zamani. Wanunuzi walipouliza sababu ya uchanja, alisema ni kwa ajili ya mchwa.

Kahawa ya mzee ilipozaa, alituletea buni za kutafuna, zimefungwa katika jani la mgomba. Mama mkwe alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akatia moja kinywani, akaitafuna polepole hadi ikaisha, kisha akanisogezea nami.