Manukato ya Machi Nane

Tarehe 8 Machi 1973, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Zinaida Lopatina aliandika kwenye daftari la zamu: "Tangi la pili, mwani umepauka." Ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia kulea mwani huo, hapa Krasnoyarsk.

Nyuma ya mlango wa chuma, watu watatu wako katika siku ya tisini na nne ya kufungiwa. Hewa wanayovuta inatoka kwenye matangi yake. Wakifika siku ya mia na themanini, mwani utapelekwa kujaribiwa angani. Hewa chafu ikifika asilimia mbili, mlango unafunguliwa na jaribio linafutwa. Kipimo kilisoma moja nukta nne.

Akachukua simu ya ndani. "Genya, umeingiza nini humo?"

"Sijaingiza kitu, Zina."

"Mwani haufi bila sababu. Sema."

Gennadi Shubin, fundi aliyefungiwa humo, akakiri: "Manukato. Ya Raisa. Leo si sikukuu yenu wanawake? Ulitaka nimpe suke la ngano tunayolima humu?"

"Kiasi gani?"

"Kichupa kimoja. Kimeniponyoka, kikavunjika."

"Bwege wewe! Mvuke wake ndio unaoua mwani! Tulikupekua mpaka soksi!"

"Buti hamkupekua."

Daktari Raisa, aliyefungiwa naye, akadakia: "Angalau tutakufa tukinukia, Zinaida."

Zinaida hakucheka. "Laleni chini wote. Msiongee."

Alibadilisha maji, akaongeza taa, akabadilisha vichujio vya mkaa. Saa tano kipimo kilisoma moja nukta saba, na tangi la tatu nalo likaanza kupauka. Ndipo mkuu wake, Arkadi Lvovich, alipoingia na tawi la maua ya mimosa alilomletea kwa ajili ya sikukuu.

"Una akiba ya mwani?"

"Lita moja. Iko jikoni kwangu, dirishani, kando ya vitunguu."

Kanuni hazimruhusu kutoa mwani nje. Mkuu hakumgombeza.

"Itatosha?"

"Inahitaji siku nne kujaza tangi. Wao wana saa tatu."

"Fanya kitu, Zina."

"Nimeshafanya vyote, Arkadi Lvovich. Nitafutie hizo siku nne."

Mkuu akaliweka tawi juu ya daftari, akavua miwani.

Saa nane kipimo kitafika mbili, na mlango utafunguliwa. Zinaida ndiye atakayezungusha gurudumu lake, kisha atamwaga matangi yote matatu.